Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Anga za Juu Duniani, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi mlioacha korosho chini ya mikorosho msimu huu ili mje kutusikiliza, wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi tuliyojipa mwaka huu ni kuandaa mpango wa kupeleka roboti mwezini kwa gharama ndogo. Wapo waliocheka, na hatuwalaumu. Roketi hatujengi. Tulichofanya ni kukaa na kalamu, karatasi na kompyuta moja ya shule, tukajiuliza: nchi isiyo na fedha nyingi ikitaka kufika mwezini, ianze na nini, na iache nini?

Tuliwatazama kwanza Wahindi. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo chao, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Kiligharimu rupia bilioni 6.15, kama dola milioni 75 za Marekani. Ni fedha nyingi kwetu, lakini kwa safari za namna hiyo ni bei ya kutupa. Unafuu wao ulitokana na yale waliyokubali kuyakosa. Haraka, kwa mfano. Apollo 11 iliufikia Mwezi kwa siku tatu kwa sababu ilibeba watu. Chandrayaan-3 ilichukua siku 40, ikiizunguka Dunia na kuipanua njia yake kidogo kidogo ili roketi ya kawaida itoshe. Roboti haili, haivuti hewa, haina mama anayeingoja nyumbani. Wakakubali pia kuukosa usiku. Mchana wa mwezini ni kama siku 14 za kwetu, na usiku vivyo hivyo, tena baridi yake hupita nyuzi 100 chini ya sifuri. Kutengeneza chombo kinachovuka baridi hiyo ni gharama kubwa, hivyo kazi yao yote wakaipanga imalizike mchana mmoja. Kigari chao kilikuwa na kilo 26 tu.

Waisraeli nao walidandia. Chombo chao, Beresheet, kilirushwa Februari 2019 kwa roketi iliyokuwa imebeba satelaiti ya mawasiliano ya Indonesia. Kilikuwa na kilo 585, na karibu robo tatu ya uzito huo ilikuwa mafuta. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo mwavuli wa kushukia haufai kitu. Mwendo wa zaidi ya kilomita 6,000 kwa saa lazima uuawe kwa injini peke yake. Injini ya Beresheet ilizimika ikishuka, chombo kikaanguka tarehe 11 Aprili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anguko lililotugusa zaidi ni la kampuni ya Japani iitwayo ispace, Aprili 2023. Chombo chao, Hakuto-R, kilikuwa kinashuka vizuri. Kilipovuka ukingo wa kreta, kipimo cha kimo kikaruka ghafla kwa kilomita tatu hivi, kwa sababu ardhi kweli ilikuwa imeporomoka chini. Kompyuta ikadhani kihisi kimeharibika, ikakipuuza. Ikaamini imefika chini ilhali iko kilomita tano juu, ikaelea pale mpaka mafuta yakaisha. Sisi wa Newala hatuhitaji picha kulielewa jambo hili. Mtu anatembea uwandani, kila kitu tambarare, anafika Shimo la Mungu na ardhi inamwishia miguuni. Eneo la kutua lilikuwa limebadilishwa baada ya programu kuandaliwa, na majaribio ya kuiga safari hayakuigusa vya kutosha njia mpya yenye ukingo ule.

Ndipo tulipofikia msimamo wetu: punguza uzito, punguza kasi, punguza vifaa, lakini majaribio usiyapunguze hata kidogo. Kusini tunao ushahidi wetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Matrekta yalifika kabla udongo na mvua havijapimwa ipasavyo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, umekwishameza takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa. Bandari ya Mtwara, bahati nzuri, haikung'oleka.

Kigari chetu cha mfano tumekiita Bibo. Magurudumu yake yamechongwa na fundi wa Kimakonde, mzazi wa mwenzetu, kwa mti mwepesi. Alikataa katakata kutumia mpingo, akasema kitazama mchangani kabla hakijapiga hatua. Tulikipitisha Bibo kwenye ukingo wa shimo tulilolichimba nyuma ya maabara, na kihisi chake kikababaika vilevile kama cha Wajapani. Chetu hupima kwa sauti, ambayo mwezini haisafiri; huko hutumika rada au leza.

Bibo kimebeba chombo kimoja tu cha utafiti, nacho ni kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Wahindi walichomeka cha kwao wakakuta juu ya udongo joto la nyuzi 50 na zaidi, na sentimita nane chini yake nyuzi 10 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote ndani ya urefu wa kidole! Udongo unaozuia joto namna hiyo unaweza kuhifadhi barafu. Tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani waligongesha kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, na katika vumbi lililoruka wakaona maji. Sisi tuliokulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako bibi zetu walishuka bondeni kufuata maji, tumeona swali la maji yako wapi na kina gani linatosha kwa safari nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi. Tunahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, kwa maana Bibo sasa hulala chini ya meza ya mwalimu. Tunaomba kompyuta ya pili, na usafiri wa kutufikisha Msimbati, ambako mchanga hukwamisha hata magari. Bibo kikipita pale tutakuwa na la kusema. Zaidi ya yote tunaomba utusemee tupate mwalimu mwingine wa fizikia. Aliyepo anafundisha vidato vyote vinne, na bado jioni hukaa nasi.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike nyuma ya maabara, umwone Bibo akijaribu kupanda kichuguu. Betri yake inatosha dakika chache, hivyo tusichelewe.

Tunaomba kuwasilisha.