Tuelezeni rubani alifikaje kuwa Mkuu wa Majeshi

Ndugu Mhariri,

Kila Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, anapotajwa, tunasimuliwa helikopta iliyoanguka Aprili 18, 2024 na mazishi yake Ng'iya, katika kaunti ya Siaya inayopakana na ziwa letu la Victoria. Miaka 40 ya utumishi inamalizwa kwa kusema alipanda vyeo. Vijana wa Mwanza wanaotamani urubani wa jeshi wanastahili kuambiwa vyeo hivyo vinapandwaje.

Alijiunga na jeshi mwaka 1984, akawa Luteni Usu mwaka uliofuata, akafunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani. Kisha akawa mkufunzi, na hiyo ndiyo hatua ninayoiona nzito kuliko zote. Mkufunzi huacha kosa la mwanafunzi likue kiasi cha kufundisha, lakini alishike kabla halijaua. Akasomea pia uchunguzi wa ajali, yaani kufuatilia mafuta, daftari la matengenezo, hali ya hewa na maamuzi ya rubani mpaka kosa la kwanza lijulikane.

Chukulieni uwanja wetu wa ndege wa Mwanza, ulio mita 1,147 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30 hewa huwa nyepesi, na ndege huruka kana kwamba iko karibu mita 2,000. Injini hupungua nguvu, mabawa hunyanyua kidogo, mbio za kuruka hurefuka, hivyo mzigo lazima upunguzwe. Tangi likilala nusu tupu, unyevu hugeuka maji na kutuama chini. Ndiyo maana alfajiri mafuta kidogo huchujwa kutoka chini ya tangi na kukaguliwa kabla injini haijawashwa. Rubani huyaangalia haya kwa ndege yake moja. Kamanda wa kambi huyajibia kwa ndege zote, pamoja na vipuri, mafundi na zimamoto, huku saa zake za kuruka zikipungua.

Ogolla alikabidhiwa Jeshi la Anga zima mwaka 2018, na Aprili 2023 akawa Mkuu wa Majeshi, wadhifa ambao Julius Karangi, naye wa Jeshi la Anga, aliushika kuanzia 2011.

Tunaomba muwahoji pia makamanda wastaafu wa Kamandi yetu ya Jeshi la Anga: walifundisha ndege zipi, waliacha kuruka wakiwa na cheo gani, na walisoma nini kabla ya kukabidhiwa kambi.

Msomaji wenu,
Ilemela, Mwanza