Rehema, kuhusu ule mti wa njugu unaotaka kupanda

Rehema mpenzi,

Salama lakini? Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho, nimefurahi sana kwa kweli. Umesema unataka mti wa njugu, zile za ganda gumu za mtini, sio karanga, ambao pia utapendezesha bustani, na kila unayemuuliza anakwambia kwa baridi ya hapo ulipo usijisumbue, miti ya njugu ni ya sehemu za joto. Si kweli hata kidogo. Miti mingi ya njugu asili yake ni milimani na kwenye misitu ambako theluji inalala miezi kadhaa, na mingi isipopata baridi ya kutosha haichipui vizuri. Kinachotakiwa ni kujua unachagua nini na kwa sababu gani, na hapo ndo nataka tuongee kwa kirefu maana naona watu wengi wanaanzia mwisho, wanaanza na njugu.

Mi naamini hivi, kwenye bustani ya baridi mti uchague kwa jinsi unavyoonekana ukiwa hauna jani hata moja. Fikiria mwenyewe, mti unaopukutisha majani unakaa mtupu karibu nusu ya mwaka, na ndo kipindi hicho unautazama dirishani kila siku kwa sababu hutoki nje. Maua ni wiki mbili tatu, njugu ni wiki chache na nyingi kindi atakutangulia. Kwaiyo anza na shina, gome, matawi, vile mti unavyosimama, alafu njugu zikija utamshukuru Mungu kwa cha ziada.

Kama ningekuwa na nafasi ya mti mmoja tu ningepanda hazeli, mti mdogo wa njugu za mviringo, ile wanayoiita Contorta. Ilikutwa kwenye uzio wa miti huko Gloucestershire, Uingereza, miaka ya 1860, hazeli ya kawaida kabisa lakini kila tawi limejisokota, hakuna hata kijiti kinachoenda moja kwa moja, na Contorta zote unazoziona leo zimetokana na ile moja kwa kubebeshwa, yaani tawi lake kuunganishwa kwenye shina la hazeli nyingine, na kuzalishwa kwa vikonyo. Haiwi kubwa, mita 3 hivi, inakua taratibu. Kiangazi sio ya kuitazama sana, majani yake nayo yanajikunja mpaka asiyeijua anadhani inaumwa, ila subiri yaanguke. Matawi yanabaki wazi, theluji inakaa juu ya kila mpindo, alafu mwisho wa baridi, ardhi bado imeganda, vinarefuka vile vishada vya maua dume, vya njano, vinaning'inia kama hereni, na siku ikiwa kavu ukigusa tawi tu unga wa chavua unaruka.

Hapo nakuomba ufanye kitu kimoja. Vuta tawi mpaka karibu na macho utafute maua jike. Watu wana hazeli miaka na miaka hawajawahi kuyaona. Ni chipukizi dogo, linafanana na machipukizi mengine yote, lakini kwenye ncha yake kuna nyuzi nyekundu za kukoza, urefu milimita chache tu, zimetawanyika kidogo. Ndo ua lenyewe hilo, hamna petali wala harufu, kazi yote inafanywa na upepo. Na chavua ikishatua pale mambo hayaishi, mrija wake unashuka kidogo alafu unasimama, urutubishaji wenyewe unakuja kutokea miezi minne mitano baadaye joto likisharudi. Yaani mti unaianza njugu kukiwa na barafu na unaimaliza majani yakikaribia kugeuka rangi. Mi jambo hili kila nikiliwaza nalistaajabia upya.

Sasa hazeli haijirutubishi yenyewe, inahitaji hazeli nyingine ya aina tofauti karibu, kwaiyo kama unataka na njugu weka ya pili, tuseme ile ya majani ya zambarau, Purpurea, hata vishada vyake vina wekundu wekundu, zikikaa pamoja zinapendeza mno. Na kuhusu Contorta kuna jambo moja la kulisimamia kwa macho kila mwaka. Imebebeshwa juu ya hazeli ya kawaida, na ile ya chini haikati tamaa, inatoa maotea yaliyonyooka tii kutoka mizizini. Ukiyaona yang'oe mapema kabisa yakiwa laini, fukua kidogo uyavute kutoka pale yalipoanzia maana ukiyakata juu juu yanarudi mengi zaidi. Yakiachwa miaka michache yanaumeza mti wako wote unabaki na kichaka cha hazeli ya porini. Na ukimsoma mtu wa Amerika Kaskazini analalamika kwamba Contorta yake imekufa tawi baada ya tawi usiogope, kule kuna ugonjwa wa ukungu, yaani kuvu, wa huko huko ambao hazeli zao za asili wameuzoea ila hii ya Ulaya inauliwa nao, ndo maana chuo kikuu cha Oregon State wakatoa Red Dragon, imejisokota vile vile, majani mekundu, na ugonjwa ule inauhimili.

Ukitaka mti wa kusimama, sio kichaka, basi hazeli ya Kituruki. Asili yake Balkani, Uturuki kaskazini mpaka Kaukazi. Shina moja lililonyooka, umbo la koni lililochongoka juu, gome la kizibo linalopasuka pasuka, haitoi maotea, baridi kali na ukame vyote inavumilia ndo maana miji mingi ya Ulaya wanaipanda pembeni mwa barabara. Njugu zake ndogo na ganda gumu kweli, lakini zile kofia zake zenye nyuzi nyuzi zilizoshikana kwa vishada ni nzuri kuziangalia. Ila inafika mita 20 na ushee, kwaiyo usije ukaisogeza karibu na nyumba.

Walnati nazo umeziulizia. Kwa baridi kali hakuna inayoishinda walnati ya Manchuria, inatoka kaskazini mashariki mwa China, Korea na Urusi ya mbali, nyuzi 40 chini ya sifuri inavumilia, na jani moja linaweza kukaribia mita nzima, ukikaa chini yake kiangazi unajihisi uko nchi za mvua nyingi. Udhaifu wake ni kwamba inaamka mapema mno, siku chache za joto tu imeshachipua, jalidi ya mwisho ikipiga machipukizi yanaungua yanakuwa meusi. Haifi, inatoa mengine, ila mwaka ule njugu sahau. Iliyo nzuri kuliko zote kwa mapambo na kwa njugu pamoja naona ni walnati ya Kijapani, hasa ile ambayo njugu yake ina umbo la moyo, zinaning'inia kwa mkufu mrefu. Lakini walnati nyeusi tafadhali usipande kwenye bustani yenye vitu vingine. Mizizi yake, majani, maganda, vyote vina kemikali inaitwa juguloni, nyanya zinanyauka, viazi vinanyauka, azelia na matofaa pia yanadhoofika. Hizo nyingine za jamii yake zinayo pia ila kidogo zaidi. Na walnati ya aina yoyote usiipogolee mwisho wa baridi, inatoka maji bila kukoma, ngoja kiangazi majani yakishakomaa.

Kabla sijasahau, hili ni kubwa kuliko majina yote niliyokutajia. Jina la mti halitoshi, uliza mbegu ilitoka wapi. Mti unaupima msimu kwa urefu wa mchana, ndo unaojua lini uache kukua na ujiandae kwa baridi. Ukichukua mche ambao mama yake kaishi kusini kwenye kiangazi kirefu, ukija kwako utaendelea kukua tu wakati wenzake wameshafunga, baridi inaukuta matawi bado laini, yanakufa. Mti ule ule, spishi ile ile, mbegu ya kaskazini inapita bila kovu. Walnati za kawaida tunazozijua zilipata nafasi Kanada kwa njia hiyo hiyo, mmisionari mmoja anaitwa Paul Crath alileta mbegu kutoka milima ya Karpathi, kule ambako walnati zilikuwa zimeshazoea baridi vizazi na vizazi. Kwaiyo ukifika kitaluni swali lako la kwanza liwe hilo, na kama muuzaji hajui, ondoka. Alafu linganisha na zone yako, ile namba ya ukanda wa baridi kwenye ramani ya Marekani ambayo siku hizi inatumika karibu kila mahali. Zone 4 maana yake baridi kali kuliko zote ya mwaka kwa wastani ni kati ya nyuzi 29 na 34 chini ya sifuri, zone 5 ni kati ya 23 na 29. Ila namba ile inakwambia winta tu, jalidi ya kushtukiza majira ya kuchipua haiisemi, na kwa miti ya njugu hiyo ndo inaumiza zaidi.

Chesnati, ile miti ya njugu zenye ganda la miiba, nazipenda, maua yake marefu ya rangi ya krimu yanakuja katikati ya kiangazi miti mingine ikiwa imeshamaliza, lakini inataka udongo wenye asidi, wenye chokaa inagoma, na kwa baridi bora ile ya Kichina. Ile ya Kimarekani iliangamizwa na ukungu ulioonekana mara ya kwanza New York mwaka 1904, ikafa miti mabilioni, huzuni mpaka leo. Na Rehema naomba sana, usichanganye na ile wanayoita chesnati ya farasi. Ni mti mzuri mno, mashada ya maua meupe yamesimama, kwa mapambo sina neno, lakini mbegu zake ni sumu na una watoto wanaookota kila kitu. Kutofautisha ni rahisi, ya kuliwa ina jani moja moja refu lenye meno pembeni, ganda lake limejaa miiba myembamba iliyobanana huwezi kulishika, na njugu ina kincha, kishungi kidogo kwenye ncha yake. Ya farasi jani limegawanyika vipande vitano mpaka saba kutoka sehemu moja, ganda lina miiba michache minene, mbegu ni duara laini bila kincha. Wafundishe watoto hilo kabla hata hujapanda kitu. Na vile vile ule mlozi kibete wa Kirusi uliouona pichani, maua ya pinki mwanzo kabisa wa majira, baridi hauuogopi, panda kama umeupenda, ila lozi zake ni chungu na hazifai kuliwa.

Ukiwa na eneo kubwa siku moja nikuone na hikori, mti mkubwa wa njugu wa jamii ya walnati, ile gome lake linajibandua kwa mapande marefu yanayojikunja nje juu na chini huku katikati yameshikilia shina, na majani yanageuka dhahabu. Ipandwe ikiwa ndogo kabisa kwa sababu mzizi wake mkuu unazama haraka, ukija kuuhamisha umeukata. Na kama unachotaka ni kijani cha mwaka mzima basi msonobari wa Korea, au ule wa milima ya Alpi ambao ni mwembamba zaidi unafaa bustani ndogo, sindano tano tano kila kifundo, laini, na mbegu zinaliwa ila inabidi uwe na subira ya miaka mingi sana.

Kupanda kwenyewe unajua. Usiweke bondeni, hewa ya baridi inatiririka inajikusanya kule chini na jalidi inakaa, weka mtelemkoni hata kama ni mdogo. Mbolea ya naitrojeni mwisho wake iwe mwanzo wa kiangazi, baada ya hapo unachochea matawi laini. Mwagilia vizuri kabla ardhi haijaganda. Matandazo weka mengi lakini yasiguse shina, panya wanajificha humo wanatafuna gome chini ya theluji mzunguko mzima na mti unakufa, kwaiyo zungushia wavu wa waya wa matundu madogo kutoka chini ya udongo mpaka juu ya pale theluji inapofika. Na shina changa lipake chokaa au rangi nyeupe ya maji, upande wa jua la mchana hasa, maana jua linalipasha moto gome linaamka, usiku linaganda ghafla, linapasuka.

Kwa ile kona yako ya karibu na uzio mi nimeshaamua moyoni, Contorta mbele na Purpurea nyuma yake. Ila pima kwanza niandikie upana wake, maji yanatuama au la, na uchungulie kwa majirani kama kuna hazeli yoyote, hata ya porini, maana ikiwepo Purpurea sio lazima na nafasi ile tutaweka kitu kingine. Miche ya mizizi mitupu inauzwa wakati mti umelala, kwaiyo nijibu mapema.

Wasalimie watoto wote, na shemeji pia.

Wako akupendaye,
Mwanaidi