Sabuni haiondoi oili, inaificha tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la oili chafu maana linaniuma. Mimi ni fundi magari hapa Tanga, na kila siku naona injini inamwagiwa sabuni ya unga, inasuguliwa, inapigwa maji, halafu yale maji meusi yanaachiwa mtaroni na mtu anaridhika kabisa eti pamekuwa safi. Oili haijaenda popote! Chukua chupa ya maji tia oili kidogo iache itulie, utaona imepanda juu, unaichota hata na kijiko. Sasa tia sabuni utikise, inakuwa rangi ya chai ya maziwa, huchoti kitu tena, na ile chemba ya kunasa oili uliyojenga kwa hela nyingi maji yanaipita hivihivi hadi baharini wanakovua wenzetu.

Kwa hiyo kwanza oili ichotwe kabla sabuni haijagusa maji. Ile inayobaki, matone madogo yasiyopanda yenyewe, ndiyo inatakiwa isaidiwe, na hapa Tanga dawa tunaitupa. Mkonge una saponini, yaani kitu cha asili kwenye mmea kinachofanya kama sabuni, ndiyo maana maji yake yanatoa povu ukiyatikisa. Ukitia kidogo tu kwenye maji machafu ukapuliza hewa toka chini, mapovu yanapanda yamebeba oili, unakwangua juu. Kipimo kikizidi umerudi kulekule kwenye chai ya maziwa.

Zao hili liko kwetu tangu 1893 na mpaka leo kwenye kila kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi zake, ni kama kilo 4, mengine yote yanatoka korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, kama uchafu. Lakini mtu asisome hapa akaenda kumwaga maji mabichi ya mkonge mtaroni, nawasihi sana, yanawasha ngozi na saponini hiyohiyo inaua samaki, kitu kutoka kwenye mmea si lazima kiwe salama. Inatakiwa ichujwe, ipimwe, na maji yakitoka hapo yapite kwenye bwawa bakteria waimalizie, maana hii inaoza.

Watafiti wa kilimo wa serikali, TARI Mlingano, wako hapo Muheza na mkonge wanaujua kuliko mimi. Waje na mapipa mawili na pampu ya hewa, gereji yangu naitoa wajaribie, oili chafu ipo kila siku.

Fundi magari, Tanga