Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Kazi za kawaida zilikwenda kama mnavyozijua: usafi wa mto, semina za shule, maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani Juni 5 na vikao vya kamati tendaji. Maelezo yamo katika taarifa ya katibu, sitayarudia.

Nataka kulieleza suala la mapipa, maana maneno yamekuwa mengi na mengi yamesemwa nje ya vikao.

Miaka yote taka tulizokusanya tulizichoma palepale: plastiki, chupa za viuatilifu, na nyaya za umeme ambazo baadhi yetu walizichoma wapate shaba. Mwaka huu nilipiga marufuku. Niliagiza taka hizo zitiwe katika mapipa ya chuma yenye vifuniko, zisubiri kituo chenye kibali cha kuzipokea. Gharama imekula theluthi moja ya akiba ya chama, na nimeambiwa nimefuja fedha. Nimeambiwa pia kwamba tumechoma miaka yote na hakuna aliyekufa.

Ndugu zangu, sumu hizi haziui siku ile ile. Ganda la nyaya nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini ndani yake. Likiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini na furani, ndizo sumu ninazozisema. Moshi hutua kwenye nyasi na majini, ng'ombe na samaki huzila, nazo hujikusanya katika mafuta ya mwili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayomfikia binadamu hupitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa na samaki, na kwamba mwili huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupunguza nusu tu ya kiasi ulichonacho. Mama humpa mtoto wake katika maziwa. Ili kuziharibu kwa usalama, joto la tanuri lazima lizidi nyuzi 850 za Selsiasi, na mzigo mkubwa hudai 1,000 au zaidi. Moto wetu wa kandokando ya mto haufiki huko hata kidogo.

Aliyedhani natia chumvi akumbuke Japani mwaka 1968. Mafuta ya kupikia ya pumba za mchele yaliingiwa na PCB, kemikali ya viwandani, iliyokuwa imepashwa moto mpaka ikazaa furani. Watu zaidi ya elfu moja waliugua, na wapo walioendelea kuugua miongo kadhaa baadaye.

Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa juu ya sumu zinazodumu, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, ulianza na sumu 12, zikiwamo dawa ya wadudu DDT, PCB, dioksini na furani. Kiambatisho chake cha C kinataja wazi uchomaji wa taka mahali pa wazi na uchomaji wa nyaya za shaba. Tungewafundishaje wanafunzi mkataba huo asubuhi, kisha jioni tuwashe kiberiti?

Kuhusu hoja kwamba sikuomba idhini ya mkutano mkuu: niliitisha mkutano mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Katiba inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura kwa kushauriana na mweka hazina, nami nilifanya hivyo. Kati ya wanachama 214, waliofika mara ya pili ni 31. Waliopaza sauti zaidi baadaye hawakuwamo kati ya hao 31. Inasikitisha sana.

Ada nayo hairidhishi. Waliolipa kikamilifu ni 88. Wengine 126 wanadaiwa, wakiwamo wajumbe wa kamati. Akiba iliyobaki haitatosha kusafirisha mapipa. Nilitoa fedha yangu kukodi sehemu ya kuyahifadhi, na risiti ziko kwa mweka hazina kwa yeyote anayetaka kuziona.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata wafadhili, kupima maji ya mto na kuanza elimu juu ya PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta zilizomo katika vyombo na nguo nyingi. Mapipa yataendelea kufungwa. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya kuondoka leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti