Serikali haina dini, au haina upande?

Mhariri, salamu toka Tanga. Naomba kanafasi maana hili neno limenichosha. Huku Ngamiani siku hizi mtu akitaka kumnyamazisha mwenzie anamtupia tu "serikali haina dini" na mjadala umekufa hapohapo. Juzi kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja kaomba tufungue kwa dua kama kawaida, kijana kadakia serikali haina dini bana, wakati Bunge lenyewe linaanza kwa dua na wimbo wa taifa neno la kwanza ni Mungu, na yeye mwenyewe kikao hakijaisha kashaapa wallahi kibao.

Katiba ya 1977 ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini, sawa, lakini soma na ya 19: kuabudu na kueneza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mi hapo naelewa dola haina dini yake na haimpangii mtu ya kwake, basi.

Wafaransa ndo wana ile kali, wanaiita laïcité. Sheria yao ya 1905 ilitenganisha makanisa na serikali, afu 2004 wakapiga marufuku mavazi na alama za dini za waziwazi kwenye shule za serikali, kwahiyo binti wa hijabu anaivua ndo aingie darasani. Kwetu binti anavaa hijabu yake shule hiyohiyo ya serikali, kipindi cha dini kila mtu kwa mwalimu wake, Idd na Krismasi zote ofisi zinafungwa. Sasa yule kijana wetu maana yake kaitoa wapi?

Na hapa nawagusa wote. Waislamu wakidai mahakama ya kadhi wanaambiwa serikali haina dini, na wao wanauliza mbona 1992 serikali hiyohiyo ilisaini makubaliano na makanisa ya mambo ya afya na elimu, wanajibiwa hospitali inatibu kila mtu. Fimbo ni ileile, inategemea imeshikwa na nani.

Nyie wa magazeti mngeandika "serikali isiyofungamana na dini". Ni ndefu kwa kichwa cha habari, najua, ila ndani ya habari nafasi ipo.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga