Upinde ule si mkia

Ndugu Mhariri,

Picha ya nyota Zeta Ophiuchi mliyoichapa wiki iliyopita ni nzuri, ila maelezo yake yameiharibu. Mmeandika kwamba nyota hiyo inaburuta mkia wa moto kama kimondo. Sisi ni majirani wa Kimondo cha Mbozi, na hapa kijiweni wapo walioanza kuuliza kama na hiki kitatuangukia. Hakitatuangukia: mwanga wake tu hutumia miaka mamia kutufikia.

Tena ule si mkia. Ni upinde wa gesi na vumbi, nao uko mbele ya nyota, upande inakoelekea. Nyota hii, yenye uzito wa takriban majua 20, hupuliza upepo wa chembechembe unaokwenda zaidi ya kilometa 1,000 kwa sekunde, huku yenyewe ikikata anga kwa makumi ya kilometa kwa sekunde. Gesi na vumbi vilivyotanda njiani husukumwa na upepo huo na kurundikana mbele yake, kama maji yanavyojikunja mbele ya omo la mtumbwi pale Matema kasia likikolea. Vumbi likipata joto la nyota hutoa miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Darubini ya angani iitwayo Spitzer iliinasa, na rangi mlizochapa ziliwekwa na wataalamu. Hilo mngelisema.

Nini kiliifukuza nyota hii ikakimbia hivyo? Mwanaastronomia Mholanzi Adriaan Blaauw alieleza mwaka 1961 kwamba nyota mbili zikizungukana, moja ikalipuka, iliyobaki huponyoka na mwendo iliokuwa nao. Wanaastronomia wengi wanaona ndivyo ilivyoipata hii, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. (Nyota nyingine zinazokimbia hivi hufurushwa na vurugu za nyota zilizosongamana.) Mimi kinachonivutia zaidi ni kwamba nafasi kati ya nyota na upinde wake huwasaidia wanaastronomia kukadiria nyota inapoteza maada kiasi gani kwa upepo.

Nyota yenyewe haihitaji darubini. Mwezi wa saba, anga ya kipupwe ikiwa safi, mwenye koti zito atoke nje saa nne usiku. Aitafute Antares, ile nyekundu ya kundi la Nge, kisha anyooshe mkono na kupima ngumi moja na nusu kuelekea kaskazini. Zeta Ophiuchi itakuwa hapo, karibu utosini. Ingeng'aa zaidi mno kama vumbi lililo kati yetu nayo lisingeifubaza.

Basi chapeni na ramani ya anga ya huku kwetu. Ile mliyoiweka ni ya Ulaya, Nge kalala chini kwenye upeo wa kusini. Hapa Uyole yuko juu ya paa.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya