Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi: pesa ya mwanafunzi wa urubani ikae benki mpaka aruke

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Najua una mengi mezani, reli, bandari, meli za maziwani, na mimi ni mtu tu wa Gongo la Mboto usiyenijua. Ila nimevumilia vya kutosha, na Jumamosi iliyopita uvumilivu wangu umeisha kabisa, kwahiyo naandika hapa hadharani manake barua za kupeleka kwa mkono nilishapeleka na nilichojibiwa ntakueleza hapo chini.

Mimi ni mfanyakazi wa kampuni ya kugomboa mizigo, ofisi yetu iko Kurasini. Kuingia ni saa mbili asubuhi, kutoka inategemea na meli. Na humohumo nasomea leseni ya urubani wa biashara, CPL. Mchana nahangaika na TANSAD, zile fomu za forodha, na makontena ya watu, usiku mtoto akishalala nafungua vitabu vya hali ya hewa na sheria za anga, wikiendi ndo naenda kuruka. Sina mjomba wa kunilipia wala sijasomeshwa na shirika lolote. Ni mshahara, mkopo wa SACCOS ambao wenzangu wawili wa ofisini wamenidhamini, na zamu yangu ya mchezo ambayo kina mama wenzangu walinipa mapema kwa huruma yao. Hiyo ndo pesa ninayoiongelea humu, sio pesa ya kuchezea.

Sasa hiyo Jumamosi. Nimeamka saa kumi alfajiri, mama yangu alishakuja tangu Ijumaa jioni kukaa na mtoto, saa kumi na mbili niko getini na hedseti yangu begani. Nilikuwa nimepangiwa safari ya masafa marefu, Dar kwenda Mafia, Mafia kwenda Mtwara, halafu kurudi, na wiki nzima nimekaa na ramani, upepo nimeupigia hesabu, mafuta nimepiga hesabu, uzito nimepiga hesabu. Nafika ndege haipo. Yaani haipo pale uwanjani kabisa, mlinzi ndo anaona huruma ananiambia dada hiyo ndege wameiondoa tangu Alhamisi. Napiga simu ya ofisi haipokelewi. Saa nne hivi ndo inaingia meseji kwenye grupu la WhatsApp kwamba injini imefikia muda wake wa kushushwa, kwamba bei ya saa moja imepanda kwa ajili ya dola na mafuta, na kwamba sisi tuliolipa kabla tuongeze tofauti ya bei ndo tubaki kwenye ratiba. Tarehe ya ndege kurudi hakuna. Aliyeuliza kuhusu kurudishiwa hela alitolewa kwenye grupu.

Chuo sikitaji jina, nisije nikaambiwa nimekuja kuchafua biashara ya mtu, na pia hili sio la chuo kimoja, ndo maana naandika kwako.

Mheshimiwa naomba unielewe hii shule inavyokwenda, manake watu wengi wanadhani ni kama kozi ya kompyuta, ukikosa leo unafidia kesho. Vigezo vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka saa 200 za kuruka kwa CPL, na ukisoma kozi mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa zinashuka mpaka 150. Huyo wa mfululizo ni yule anayekaa chuoni Jumatatu mpaka Jumapili. Sisi wa wikiendi, wenye kazi, tunatembea na 200. Na humo ndani kuna saa 100 za kuwa rubani kiongozi mwenyewe, kuna saa za kuruka kwa kutegemea vyombo tu bila kuangalia nje, na kuna safari moja isiyopungua kilomita 540 ambayo lazima utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Hiyo ndo safari yangu ya Mafia na Mtwara iliyokufa.

Alafu saa zenyewe hazikai kama nafaka kwenye ghala. Ukikaa wiki sita hujashika usukani, siku ukirudi mkufunzi hawezi kukuachia uende peke yako, anakaa na wewe kwanza mnarudia kupaa na kutua, mnarudia injini kuzimika, na hiyo saa unailipa wewe. Na yuko sahihi, simlaumu hata kidogo. Hata rubani mwenye leseni yake, asipopaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria, kwasababu mkono unasahau na angani hakuna pa kupaki ukafikirie. Kwahiyo kila mwezi chuo kinaposimama mimi narudi nyuma, nalipa upya kitu nilichokuwa nakijua. Na cheti cha afya cha daraja la kwanza nacho kinaisha, kinadumu miezi 12, iwe umeruka au umekaa nyumbani, daktari wa anga anataka hela yake na macho yako na moyo wako vipimwe upya.

Yako mambo ya Mungu, hayo silalamiki. Masika ikiingia Machi mpaka Mei unafika uwanjani wingu limekaa chini unarudi nyumbani, basi. Foleni ya ndege pale uwanja wa Julius Nyerere pia siilalamikii sana, japo inauma, manake unakaa pembeni ya njia ya kurukia unasubiri ndege kubwa zitue na upepo wao utulie, injini inawaka, mita inahesabu, na unalipia kukaa chini. Ule ni uwanja wa kimataifa, wenye abiria watangulie. Ninacholalamikia ni hela niliyoitoa mkononi kwa ajili ya saa ambazo sijaruka, na hazipo, na hakuna anayewajibika.

Wapo watakaosema nani alikutuma ulipe kabla. Mheshimiwa, ukilipa saa mojamoja bei iko juu na unawekwa mwisho wa ratiba, ndege ni moja, wanafunzi wengi, wikiendi ina siku mbili tu. Anayelipa bando zima ndo anapewa Jumamosi asubuhi. Kwa mtu wa kazini Jumamosi asubuhi ndo shule yenyewe, hana Jumanne ya kwenda kuruka. Kwahiyo huo sio uchaguzi.

Hela imeenda wapi? Mimi sijaona vitabu vyao vya mahesabu, ila nafanya kazi ya makaratasi miaka yote na nina ninavyofikiria. Injini za hizi Cessna 172, ile aina yetu, mtengenezaji anapendekeza ishushwe na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifika saa 2,000. Hilo halimshtukizi mtu, kila saa ikiruka inaandikwa, chuo kinajua mwaka mzima kabla kwamba siku hiyo inakuja. Mwenye nidhamu anatenga kidogo kwenye kila saa anayoiuza. Nahisi hakikutengwa kitu. Nahisi hela ya mwanafunzi mpya ndo imekuwa inanunua mafuta ya mwanafunzi wa zamani, na mafuta yenyewe ni shida, manake ndege kubwa zinatumia Jet A-1 lakini hizi ndogo zetu zinatumia avigesi, ambayo ni jamii ya petroli, inaagizwa nje kwa dola na wanunuzi wake ni wachache. Dola ikipanda na ile akiba haipo, mzigo wote anarudishiwa mwanafunzi kwa jina la kuongeza tofauti. Inawezekana nakosea kwenye sehemu ya hesabu, lakini kwamba nililipa na sijaruka hapo sikosei, risiti ninazo na logibuku, daftari la saa nilizoruka, ninayo, ukiziweka pamoja zinaongea zenyewe.

Nilipeleka malalamiko. Nilichukua ruhusa kazini, nikaenda ofisi inayohusika na barua yangu na viambatanisho, nikagongewa mhuri wa kupokelewa, nikarudi Kurasini nikiwa na matumaini kabisa. Baadae nikajibiwa kwa mdomo kwamba wao wanaangalia usalama, ndege ikoje, wakufunzi wana leseni, miongozo ipo, lakini mambo ya malipo ni makubaliano yangu binafsi na chuo, niende mahakamani. Niende mahakamani lini Mheshimiwa? Na kwa hela ipi? Na wakili nimlipe kwa SACCOS ipi tena?

Na mimi nasema malipo pia ni usalama. Chuo kisicho na hela ya injini ni chuo kitakachoshawishika kurusha ndege siku ambayo haikutakiwa kurushwa. Mwanafunzi mwenye deni atashawishika kupaa na hali ya hewa ambayo asingeigusa, kwasababu akikosa leo hajui lini tena. Nimeyaona hayo macho kwa wenzangu asubuhi tukiwa tunaangalia wingu, kila mtu anataka mwenzake ndo aseme hapana.

Sasa ombi langu, na ni moja. Kwenye kazi yangu ya kugomboa mizigo, mteja akitakiwa kulipa ushuru inatoka kontro namba, analipa benki au kwa simu, hela inakwenda serikalini moja kwa moja. Haipiti mfukoni kwa wakala. Zamani mawakala wengine walikuwa wanapewa hela ya kodi mkononi wanaila na kuingia mitini, mteja analia na mzigo bandarini. Utaratibu ukabadilishwa, watu wakazoea, na sisi mawakala hatujafa njaa. Basi fanyeni hivyohivyo kwa vyuo vya urubani. Mwanafunzi alipe hela kwenye akaunti maalum ya benki, isiguswe na chuo. Akiruka saa moja, mkufunzi akasaini logibuku, benki iachie hela ya saa moja. Hajaruka, hela ipo. Chuo kikifunga au ndege ikikaa chini kupita muda uliokubaliwa, mtu achukue chake aende akamalizie kwingine. Hilo liwe sharti la kupewa na kuhuisha kibali cha chuo, kama yalivyo masharti ya ndege na wakufunzi. Halihitaji mkopo wa nje wala jengo jipya.

Wenye vyuo watasema bila hela ya mbele hawawezi kuendesha. Nimelifikiria hilo sana. Jibu langu ni kwamba kama chuo hakiwezi kununua mafuta ya wiki bila kutumia ada ya mtu atakayeruka mwakani basi hicho chuo tayari kimeshaanguka, ila wanafunzi ndo hawajaambiwa. Na hapo serikali mnaweza kuwasaidia kwa upande mwingine, angalieni kodi za hayo mafuta ya ndege ndogo na za vipuri, tutawaunga mkono. Lakini isiwe mimi niliyechukua mkopo wa SACCOS ndo nawakopesha wao mtaji bila riba, bila mkataba na bila kuulizwa.

Mheshimiwa, nchi imenunua ndege. 2018 ilikuja Dreamliner na Airbus A220 ya kwanza, 2023 ikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX, tulishangilia na mimi nilishangilia, nilikuwa na binti yangu mgongoni. Na mara ngapi tumeambiwa na viongozi kwamba taifa linataka marubani wazawa, vijana wajitokeze wasome. Tumejitokeza. Wengine wazazi wao wana uwezo wamekwenda Afrika Kusini, Marekani, wengine Nairobi pale uwanja wa ndege wa Wilson. Sisi tuliobaki Dar tunafanya kazi mchana na kusoma usiku, tunawalipa Watanzania wenzetu, hela inabaki hapahapa. Na hata nikiipata hiyo CPL bado kuna kibali cha ndege ya injini mbili, bado kuna kibali cha kuruka kwa vyombo, na kuna saa 1,500 mpaka ufikie leseni ya juu ya urubani wa mashirika. Safari bado ndefu na sijaomba ifupishwe. Sijaomba ufadhili, sijaomba kazi. Naomba nilicholipa kisiliwe kabla sijaruka.

Makato ya SACCOS yanaendelea kila mwisho wa mwezi, hayajali kwamba ndege haipo. Mmoja wa wadhamini wangu anataka kukopa ajenge na hawezi kwasababu jina lake limefungwa kwenye deni langu. Hajanisema kwa ubaya, ila nikimuona kantini nakosa cha kumwambia. Mama ananiuliza Jumamosi hii nije? Namwambia subiri kwanza.

Kwahiyo narudia Mheshimiwa, nisije nikawa nimeongea mengi ikapotea. Akaunti maalum benki, hela itoke kwa saa iliyorushwa, na iwe sharti la kibali. Na kwa sisi ambao hela yetu imeshaingia, chuo kiagizwe kutoa hesabu ya kila mwanafunzi, amelipa ngapi, ameruka ngapi, amebakiza ngapi, na kiseme kwa tarehe atarushwa lini au atarudishiwa lini. Ukiniita wizarani Mtumba, Dodoma, nakuja na risiti zote na logibuku yangu, hata kama ni Jumatano, ruhusa ntaomba kazini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa urubani na mgomboaji mizigo,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam